Mkongo Wenye Masikio Katika Bahari ya Barafu

Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kufundishwa thamani ya waya unaolala chini ya bahari. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani miezi mitatu kwa sababu njia moja tu ya umeme utokao Bara ilikuwa imeharibika, na mtoto aliyedurusu kwa kibatari siku zile leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya mawasiliano inayopita pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, SEACOM na EASSy, ilikatika, na nchi nzima ikajikuta inangoja ujumbe usiofika. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba maneno yetu hayapiti angani kama tulivyodhani, bali aghalabu yanapita baharini ndani ya kamba isiyozidi unene wa mkono wa mtoto.

Juu ya hayo tunayoyajua, limezuka jambo jingine ambalo, kwa kadiri ya uchunguzi wetu, bado halijapata nafasi ya kutosha katika mazungumzo ya wananchi wala katika majalada ya maofisa. Mkongo uliotandazwa ili kupeleka maneno sasa unaweza kufanywa sikio. Unasikia nyangumi, unasikia meli, unasikia barafu inapopasuka na ardhi inapotetemeka. Na mahali ambapo sikio hilo limejaribiwa kwa bidii kubwa ni bahari za karibu na Ncha ya Kaskazini, mbali kabisa na minazi yetu. Msomaji asiharakishe kugeuza ukurasa kwa kuona umbali huo. Kabla hatujamaliza tutaonyesha kwamba yanayosikika huko yanatuhusu kwa njia mbili, moja ya maji na nyingine ya madaraka.

Tuanze na kisiwa, maana kisiwa ndicho tunachokijua. Svalbard ni visiwa vya Norway vilivyo juu sana kaskazini, karibu nyuzi 78 za latitudo, ambako jua halichomozi kwa miezi kadhaa ya kipupwe na halitui kwa miezi kadhaa ya kiangazi. Mji wake mkubwa, Longyearbyen, una watu wapatao 2,500, yaani shehia moja tu ya kwetu. Kaskazini-magharibi yake kipo kijiji cha wanasayansi kiitwacho Ny-Ålesund, ambako ni marufuku kuwasha mawasiliano ya simu yanayopita hewani, kwa kuwa mitambo ya hapo husikiliza ishara dhaifu mno zitokazo mbali sana angani na haitaki kelele. Kijiji hicho kimeungwa na mji kwa mikongo miwili ya chini ya bahari, kila mmoja ukiwa na urefu wa kama kilomita 260.

Katika kiangazi cha mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Norway kilichoko Trondheim waliomba uzi mmoja ndani ya mkongo huo, uzi ambao haukuwa na kazi. Mwisho wake ulioko Longyearbyen wakaufunga kwenye kifaa kimoja. Hawakushusha chombo chochote baharini, wala hawakukodi meli. Kwa siku 44 wakasikiliza urefu wa kilomita 120, na kile walichosikia kikasafirishwa papo hapo hadi Norway ya kati kupitia mtandao wa utafiti wa nchi hiyo. Shehena yake ilikuwa terabaiti 250. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba uzi ule mmoja ulinasa sauti za nyangumi, mawimbi yaliyotumwa na dhoruba za mbali mno, meli zilizokuwa zikipita, na matetemeko ya ardhi.

Uzi wa kioo unasikiaje? Mfano ulio karibu ni mvuvi wa mshipi. Mvuvi wa mshipi hamwoni samaki. Anamsikia kwa kidole. Mshipi ukiguswa chini, kidole juu kinapata habari. Sasa, ndani ya uzi wa kioo, hata uwe umetengenezwa kwa ustadi gani, zimo dosari ndogo ndogo mno zisizoonekana, na kila dosari hurudisha nyuma chembe ya mwanga unaopitishwa. Kifaa kilichoko nchi kavu hutuma mmweko wa leza, kikapokea mwanga unaorudi, kikatuma mwingine, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Sauti inapopita majini au ardhini na kuufikia mkongo, uzi hunyooka au kufinyika kwa kiasi kidogo kupita fikira, na mwanga unaorudi kutoka mahali pale hubadilika. Na kwa kuwa inajulikana kwamba mwanga ndani ya kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kifaa hupima muda wa kurudi na kutambua ni wapi uzi ulipoguswa. Mvuvi wetu anajua tu kwamba mshipi umevutwa. Kifaa hiki kinajua umeguswa katika pima ya ngapi. Kule Svalbard uzi uligawanywa katika vipande vya mita nne nne hivi, na kwa hiyo kilomita zile 120 zikawa sawa na masikio karibu 30,000 yaliyopangwa safu moja juu ya sakafu ya bahari.

Ni haki tuondoe hofu moja mapema. Kazi hii haisomi barua za watu wala haisikilizi simu zinazopita ndani ya mkongo. Inapima mtikisiko wa uzi wenyewe, basi. Hofu iliyo ya kweli ipo upande mwingine, na tutaifikia.

Nyangumi ndiye aliyelipa jambo hili umaarufu, na si ajabu, kwani ndiye mnyama mkubwa kuliko wote na sauti yake ni nzito hata sehemu yake haifiki katika sikio la binadamu. Nyangumi buluu wa Atlantiki ya Kaskazini huimba kwa mitetemo ipatayo 18 kwa sekunde, ilhali sisi huanza kusikia kwenye mitetemo kama 20. Mkongo unamsikia vizuri. Mwaka 2023 wataalamu hao hao walichapisha kazi nyingine, waliyoifanya kwa kutumia mikongo yote miwili kwa pamoja, kama mtu atumiavyo masikio mawili kujua sauti inatoka upande gani. Kwa muda wa saa tano waliwafuata nyangumi wanane wa jamii ile iliyo ya pili kwa ukubwa duniani, katika eneo la kilomita za mraba 1,800, na walipojipima kwa sauti waliyoifyatua wenyewe baharini, kosa lao lilikuwa kiasi cha mita 100. Mtu anayejua bahari atafahamu maana yake. Nahodha wa meli kubwa anaweza kuambiwa apunguze mwendo kwa kuwa nyangumi yuko mbele yake, hata kama ni usiku na kuna ukungu.

Lakini iko hadithi ya zamani kidogo ambayo, kwa maoni yetu, inafundisha zaidi kuliko ya Svalbard, nayo ni ya wananchi wa pwani ya kaskazini ya Alaska, Wainupiat, ambao tangu enzi wameishi kwa kuwinda nyangumi wa barafuni. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilikata shauri kwamba uwindaji huo usimame. Sababu ilikuwa kwamba nyangumi waliohesabiwa walikuwa wachache, pengine chini ya 2,000. Wazee wa Wainupiat wakakataa hesabu hiyo. Walisema wahesabuji wanakaa kando ya barafu na kuhesabu migongo wanayoiona, kumbe wengi wa nyangumi hupita mbali, au hupita chini ya barafu na kuivunja kwa vichwa ili wapumue. Maofisa wa mbali hawakuyapa uzito maneno hayo, kwani wahenga walioyasema hawakuwa na vyeti.

Wazee hawakuishia kulalamika. Waliunda tume yao wenyewe mwaka ule ule, na serikali yao ya wilaya, iliyokuwa ikipata kodi kutokana na mafuta ya petroli, ikawaajiri wanasayansi na kulipia vinasa sauti vya majini. Katika miaka ya 1980 vyombo hivyo vilitumbukizwa chini ya barafu karibu na Point Barrow. Vikasikia nyangumi wakipita mahali ambapo jicho halikuona kitu ila weupe mtupu. Hesabu ikapanda mwaka hadi mwaka, ikafika maelfu kadhaa, na haki ya kuwinda kwa kipimo ikathibitika. Tunaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ndani yake yamo yote. Maarifa ya wazee yalikuwa sahihi tangu mwanzo, lakini katika mabaraza ya dunia hayakukubalika mpaka yalipopata chombo cha kuyathibitisha. Na chombo hicho hakikuletwa na wafadhili, kilinunuliwa na wananchi wenyewe kwa fedha zao. Laiti sikio lile lingekuwa mikononi mwa wale waliotaka kuupiga marufuku uwindaji, hatujui kama lingeelekezwa chini ya barafu.

Pwani hiyo hiyo ya Alaska sasa ina mkongo wa mawasiliano. Kuanzia mwaka 2021 maabara za taifa za Sandia za Marekani ziliazima uzi mmoja wa mkongo huo mahali paitwapo Oliktok Point na kusikiliza Bahari ya Beaufort katikati ya kipupwe, wakati hakuna meli iwezayo kufika. Walisikia barafu ikipasuka na kusagana. Wenzao wengine, kwa kutumia mkongo huo, walipima jinsi mawimbi ya dhoruba yanavyofifia yanapoingia chini ya barafu changa. Linalotafutwa pia ni hali ya udongo ulioganda chini ya sakafu ya bahari tangu zama za barafu kuu, ambao ukiyeyuka huachia gesi za kuongeza joto la dunia.

Bahari hiyo haina huruma kwa mikongo. Mwezi Juni 2023 pande la barafu lililozama likalima sakafu ya bahari kama jembe la trekta na kuukata mkongo huo, na miji ya Utqiagvik, Nome na Kotzebue ikapoteza mawasiliano hadi Septemba. Januari 2025 ukakatika tena, na safari hii barafu ilikuwa nzito hata meli ya matengenezo ililazimika kungoja kiangazi. Wasomaji wetu waliokasirika kwa sababu intaneti ilikuwa nzito kwa siku chache Mei 2024 waupime subira ya watu wa Utqiagvik.

Sasa tuje kwenye maji. Kusini mwa Greenland uko mto wa barafu uitwao Eqalorutsit Kangilliit Sermiat. Kila mwaka humwaga baharini barafu ipatayo kilomita za ujazo 3.6. Barafu hiyo haitiririki kama maji ya mto. Humeguka kutoka kwenye ukuta mrefu na kuanguka kwa majabali, na chombo chochote kilichopo karibu huangamia. Kwa ajili hiyo yanayotokea chini ya ukuta ule yalikuwa hayajulikani vizuri, ingawa ndiyo yanayoamua mwendo wa barafu yote iliyo nyuma yake. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya Zurich na Washington walilaza mkongo wa kilomita kumi katika sakafu ya hori mbele ya ukuta huo, wakausikiliza kwa majuma kadhaa. Kazi yao ilichapishwa Agosti 2025.

Waliyoyasikia ni mambo ya kutia hofu. Jabali la barafu likianguka, kwanza hutokea wimbi kubwa la juu, nalo hutulia baada ya muda na uso wa hori ukaonekana shwari. Lakini chini kazi inaendelea. Hori lile lina maji ya tabaka mbili: juu maji baridi yenye chumvi kidogo, chini maji ya bahari yenye chumvi zaidi na joto zaidi. Kati ya tabaka hizo huzuka mawimbi yasiyoonekana, marefu kama jumba la ghorofa nyingi, ambayo hupandisha maji ya joto na kuyapeleka kwenye mguu wa ukuta wa barafu. Mguu ukiyeyuka, ukuta hupoteza egemeo, na jabali jingine linaanguka, na mawimbi mengine yanazuka. Barafu inayoanguka inaita nyingine. Satelaiti hazikuweza kuliona hilo, kwani huona juu tu.

Mtu wa Wete au wa Makunduchi atauliza, barafu ya Greenland ananihusu nini? Inamhusu kuliko inavyomhusu mtu wa Greenland mwenyewe, na hili si neno la kupamba makala. Rundo la barafu lile ni zito kiasi cha kuyavuta maji ya bahari yaliyo jirani nalo, kama kila kitu kizito kivutavyo. Barafu ikipungua, mvuto hupungua, na maji yaliyokuwa yameshikwa huko hulegea na kwenda mbali. Kwa hiyo pwani za Greenland zinashuhudia bahari ikishuka, huku bahari za ukanda wa joto zikipanda kupita wastani. Barafu yote ya Greenland ikiyeyuka, jambo litakalochukua karne nyingi, bahari ya dunia itapanda mita kama saba. Hatungoji mita saba. Mkulima wa Pemba aliyeona bonde lake la mpunga likiingiliwa na maji ya chumvi anajua kwamba shubiri moja inatosha kumfukuza. Mjenzi wa ukuta wa bahari anahitaji kuambiwa ajenge kimo gani kwa ajili ya mwaka 2050, na kimo hicho, kwa sehemu yake kubwa, kinaamuliwa katika mahori kama lile lililosikilizwa kwa mkongo wa kilomita kumi. Wanaokaa kwenye meza za mashauriano ya tabianchi kwa niaba yetu wasione haya kudai habari hizo kama madai ya mwenye mali.

Tulisema njia ya pili ni ya madaraka. Kusikiliza bahari hakukuanzia kwa wapenda nyangumi. Tangu miaka ya 1950 jeshi la wanamaji la Marekani lilitandaza vinasa sauti kwenye sakafu ya Atlantiki ili kuzivizia nyambizi za Kisovieti zilizokuwa zikitoka katika bahari ya kaskazini na kupita kati ya Greenland, Iceland na Uingereza. Siri hiyo iliwekwa wazi mwaka 1991, baada ya vita baridi kulegea, ndipo wataalamu wa viumbe wakaruhusiwa kutumia vinasa hivyo, na wakaweza kumfuata nyangumi buluu mmoja kwa zaidi ya mwezi mzima. Na hata leo, katika vituo vya sayansi vya chini ya bahari kwenye pwani ya Pasifiki ya Marekani, jeshi lina mamlaka ya kuizuia mikondo ya sauti kabla haijawafikia watafiti. Hatuilaumu nchi yoyote kwa kulinda mlango wake. Tunasema tu kwamba wakubwa wamekwisha kutambua zamani kuwa sikio la baharini ni jambo la dola.

Norway yenyewe imeonja. Nje ya visiwa vya Vesterålen kilikuwapo kituo cha kusikiliza samaki, nyangumi na vyombo vipitavyo. Mwaka 2021 kikanyamaza. Walipokwenda kutazama waligundua kwamba zaidi ya kilomita nne za mkongo zimetoweka, zimekokotwa kutoka mahali pake. Miezi michache baadaye, tarehe 7 Januari 2022, mmoja wa mikongo miwili inayoiunga Svalbard na Norway ukapoteza umeme, mahali ambapo sakafu ya bahari inateremka kutoka mita 300 hadi 2,700. Polisi waliona kuna dalili za mkono wa binadamu, lakini ushahidi wa kumfikisha mtu mahakamani haukupatikana, na jalada likafungwa. Na hiyo ni Svalbard, ambayo kwa mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1920 hairuhusiwi kutumiwa kwa madhumuni ya vita! Mkongo wenye masikio ungeweza kusema nanga iliburutwa saa ngapi na meli ilielekea wapi. Chombo kile kile kinachomwokoa nyangumi kinaweza kumtaja mharibifu, na kinaweza vile vile kuhesabu kila chombo kinachoingia na kutoka katika mlango wa jirani bila jirani kujua.

Kuna mpaka wa kiufundi ambao wenye kuuza vifaa hawapendi kuutaja mapema. Mikongo mirefu ya baharini ina vikuza mwanga kila baada ya masafa fulani, na vikuza hivyo havipitishi mwanga unaorudi nyuma. Kwa hiyo sikio la aina hii, kwa kawaida, hufika kiasi cha kilomita mia moja na kitu kutoka pwani na kukoma. Zipo njia nyingine za kusikiliza mkongo mzima, lakini hazioni kwa undani namna hiyo. Sasa ofisa makini na aitazame ramani. Kilomita mia moja za kwanza kutoka pwani ndizo bahari ya wavuvi wetu, bandari zetu, na mipaka yetu. Sikio hili halifiki kwa mtu mwingine wa mbali. Linasikia mlangoni hasa, na anayeshika ncha yake ni yule anayeshika ufunguo wa chumba ambamo mkongo unaingia nchi kavu.

Pale Svalbard mkongo ulikuwa wa mtandao wa utafiti wa dola, chuo kikawa cha umma, na matokeo yakachapishwa kwa kila asomaye. Kifaa cha kusikilizia kilitoka katika kampuni ya Alcatel Submarine Networks. Mwishoni mwa mwaka 2024 Serikali ya Ufaransa iliinunua kampuni hiyo kwa asilimia 80 kutoka kwa Nokia, kwa hoja kwamba utengenezaji wa mikongo ya bahari ni jambo nyeti mno kuachiwa soko peke yake. Wale wanaotuhubiria kila siku kwamba serikali ijitoe katika mambo ya biashara watatusaidia wakitufafanulia hapo.

Sisi tunadhani yako mambo ambayo Wizara na mamlaka zinazohusika zinaweza kuyafanya bila kungoja fedha za mtu. Mikataba ya kuingiza mikongo pwani ipo katika makabati. Ifunguliwe, isomwe, ionekane kama inasema lolote juu ya nyuzi zisizo na kazi na juu ya nani anaruhusiwa kuzifunga kwenye kifaa gani. Pale ambapo mkataba haukusema kitu, ujue kwamba upande wa pili ndio utakaosema. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Buyu ina watu wanaojua sauti ya bahari yetu. Wapewe nafasi ya kukaa katika majadiliano kabla ya saini na si baada ya sherehe ya ufunguzi. Na wavuvi waelezwe waziwazi, kwa Kiswahili, ni kitu gani kinasikilizwa na kitu gani hakisikilizwi, ili kesho asije mtu akawatia hofu vijana wa Nungwi au Micheweni kwamba mkongo unawapeleleza katika madau yao.

Msimu wa kusi, kati ya Julai na Novemba, wavuvi wa Kizimkazi huwaona nyangumi wa nundu wakipita na watoto wao. Wanyama hao hula katika bahari ya barafu ya Ncha ya Kusini na kuja kuzaa katika maji ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Kule watokako hakuna mkongo hata mmoja. Antaktiki ndilo bara pekee ambalo halijaungwa na dunia kwa uzi wa kioo, ingawa Marekani imekuwa ikichunguza uwezekano wa kupeleka mmoja hadi kituo chake cha McMurdo. Kaskazini nako nchi za Skandinavia zinaandaa mkongo utakaokatisha Bahari ya Aktiki karibu na Ncha yenyewe, zikikusudia ukamilike takriban mwaka 2030, na tangu mwanzo wa michoro yake suala la kusikiliza limo. Huko hawangoji mkongo ulale ndipo waulize.

Pwani yetu nayo itapokea mikongo mingine. Siku mkataba wa ujao utakapoletwa mezani, tungependa ofisa aliyekabidhiwa kalamu awaulize wageni wake, kabla ya chai, ni ukurasa wa ngapi unaozungumzia uzi wa kusikilizia, na kama haupo, waongeze ukurasa.